Shahada ya Udongo Mwekundu

Nasikia barua imefika, mwanangu, kwamba umepangiwa shahada ya kilimo, na nyumbani kwenu wamekaa kama wenye matanga. Nawaelewa. Hata wazee wangu yaliwapata hayo mwaka 1977, nilipomaliza kidato cha sita nikaitwa Chuo Kikuu cha Nairobi, kitivo cha kilimo, kule Kabete ya juu. Baba, Mungu amrehemu, aliisoma ile barua, akaikunja, akaniuliza kama kweli serikali imekubali kunilisha na kunilaza miaka mitatu ili nifundishwe jembe, ambalo yeye alinifundisha bure nikiwa bado sijang'oka meno ya utotoni. Kumbuka kwamba shuleni kulima kulikuwa adhabu. Ukichelewa au ukipiga kelele, unatumwa shamba la shule. Sasa mtu afaulu mtihani, kisha adhabu ile ile iwe ndiyo taaluma yake! Lakini mwaka huo hapakuwa na wa kuidharau kahawa. Baridi iliyounguza mikahawa ya Brazili Julai 1975 ilikuwa imepandisha bei dunia nzima, na kijijini kwetu watu walikuwa wakiezua nyasi na kuezeka mabati, wakinunua redio na ng'ombe wa gredi. Nikamwambia baba kwamba kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kuijua kahawa hiyo. Alinyamaza, nasi tuliomzoea tulijua kwamba kunyamaza kwake ndiko kukubali.

Kitivo chenyewe kilikuwa kichanga. Kilianza 1970, mwaka ambao Nairobi ilisimama kama chuo kikuu peke yake. Kabla ya hapo, aliyetaka shahada ya kilimo katika Afrika Mashariki alikwenda Makerere. Egerton, kule Njoro, wakati huo ilikuwa ikitoa diploma, na vijana wake wenye sugu viganjani walituchekea sisi wa shahada kwamba tunamjua ng'ombe kwa Kilatini. Kulikuwa na ukweli ndani ya dhihaka hiyo, ingawa hawakuwa wameliona shimo letu. Mwalimu wa udongo alitushusha ndani ya shimo refu kumpita mtu, akatuamuru tuguse kuta zake, tunuse, tufinyange. Udongo wa Kabete ni mwekundu, una kina, maji hupenya vizuri, na kwa macho unauona una rutuba isiyokwisha. Lakini una uchoyo wake: huishika fosforasi ya mbolea ikaganda humo, mmea ukabaki na njaa juu ya hazina. Ndiyo maana mkulima anayeweka mbolea kidogo ndani ya shimo la mbegu humshinda anayeitawanya shamba zima. Nilitoka mle na harufu ya udongo mbichi puani na magoti mekundu, nikajua kwamba baba hakuwa amenifundisha yote.

Wikendi nilikwenda kwa shangazi, mtaa wa Jamhuri. Fedha za matumizi tulizopewa na serikali, ambazo sote tuliziita boom, zikiwa bado mfukoni, nilipanda basi. Zikiisha, nilikata kwa miguu kupitia Kangemi na Kawangware hadi Dagoretti Corner, penye idara ya utabiri wa hewa, nikaishika barabara ya Ngong. Shangazi alinipokea kwa chai ya tangawizi na swali lile lile: utakuwa bwana shamba wa wapi? Huko kwake ndiko nilikozoea Jamhuri Park, uwanja wa maonyesho ya kilimo, ambao wazee walikuwa bado wakiuita Mitchell Park kwa jina la gavana wa kikoloni. Kila mwaka, mvua za vuli zikikaribia, uwanja ulifurika. Mahindi ya kuchoma yaliuzwa senti hamsini nje ya lango na shilingi nzima ndani, mahindi ni yale yale. Harufu zilipokezana kila hatua chache: samadi ya mafahali waliooshwa wakapigwa brashi, dawa ya kuua kupe, dizeli ya matrekta mapya, mbuzi wa kuchoma, na moshi wa majiko ya Kibera uliovuka ua bila tikiti. Mzee Kenyatta alipofariki Agosti 1978, picha ukutani zikabadilishwa, Moi akawa anakuja na rungu lake, na bendi zikajifunza nyimbo mpya.

Sisi wanafunzi tuliwekwa kwenye vipande vya mazao kuwaeleza wageni. Nakumbuka mama mmoja kutoka upande wa Machakos, mwembamba, leso mbili kiunoni, kiondo begani, uso mtulivu wa mtu asiyedanganyika upesi. Alisimama mbele ya mahindi ya 611, mbegu chotara iliyotoka Kitale 1964 kwa kuzalisha mahindi ya huku na mahindi ya Ekuado. Nikamwaga niliyoyajua: mavuno makubwa, mbegu mpya inunuliwe kila msimu kwa sababu uzao wake hurudi nyuma. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza yanakaa shambani muda gani. Nikamwambia miezi sita, pengine zaidi. Akacheka kwa adabu. "Mwanangu, mvua yetu haina miezi hiyo." Nikampeleka kwenye kipande cha Katumani, mahindi mafupi yasiyopendeza machoni, yaliyozalishwa huko huko kwao, ambayo huiva kwa muda wa miezi mitatu hivi. Akainama, akapima hindi kwa kiganja, akaniuliza tena kuhusu wadudu ghalani, bei ya mbegu, na anayeziuza karibu na soko lake. Tangu siku hiyo sijamshauri mkulima kabla ya kumuuliza mvua yake inakuja lini na inaondoka lini.

Tulipohitimu, kazi ilitungoja. Usishangae, ndivyo ilivyokuwa. Serikali ilimchukua karibu kila aliyemaliza, na siku ya kwenda wizarani kuulizia kituo chako ilikuwa kama idi. Mmoja wetu alikwenda kwenye majani chai ya wakulima wadogo, mwingine utafiti wa kahawa Ruiru, mwingine benki, kuwapima wakulima walioomba mikopo. Msichana aliyekuwa akituongoza katika hesabu za uchumi wa kilimo, na wasichana tulikuwa nao wachache, aliishia Roma, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Mimi nikawa afisa wa kilimo wilayani, pikipiki na daftari. Ukame wa 1984 ulinikuta huko. Mahindi ya manjano yalikuja kwa meli, watu wakayanunia, wakayala. Baadaye nikawa mtu wa kuwakumbusha wakulima kwamba sheria inakataza kung'oa mkahawa, hata bei ilipoporomoka baada ya mgawo wa kimataifa kuvunjika Julai 1989. Hawakubishana nami. Walipanda maharagwe katikati ya mistari, wakaacha kupiga dawa, wakaniandalia chai.

Kisha mlango ukafungwa. Miaka ya tisini serikali iliacha kuajiri hovyo, wafadhili wakataka watumishi wapunguzwe, wengi wakashika kiinua mgongo wakaenda. Hapo ndipo nilipoona shahada yetu ilikuwa na thamani gani. Waliokuwa wanajua ofisi tu waliteseka. Waliozoea kuuliza maswali ya mama yule wa Machakos walifungua agroveti, wakasimamia maua Naivasha, wakauza mbegu, wakafundisha. Mwaka 2013 kilimo kilipopelekwa kaunti, baadhi yao waliitwa tena, mvi zikiwa zimejaa, kwa sababu mabwana shamba walikuwa wamekuwa adimu kuliko mvua.

Kwa hiyo usiniulize kama kilimo kina kazi. Kazi zipo nyingi kuliko zamani, ila siku hizi hakuna anayekushika mkono hadi mlangoni. Kuna wanaopima udongo maabara, wanaokagua mboga za kusafirishwa ng'ambo, wanaokadiria bima ya mazao, wanaozalisha mbegu, wanaosindika maziwa, na wanaolima tu, kwa hesabu zilizonyooka. Uchague mapema, lakini usichague kwa sababu ya usafi wa mikono; mchagua jembe si mkulima. Likizo usikae mjini ukingoja karatasi. Nenda kwa mkulima mmoja, ufuate msimu wake tangu kutayarisha shamba hadi kuuza, uandike gharama zote, na hasara pia. Daftari hilo litakusemea kwenye usaili kuliko alama zako.

Baba yako mwambie ada ni juu yake. Gambuti nitanunua mimi. Niletee tu namba ya kiatu chako.