Kopo la Baruti

Ndugu msomaji, endapo umefanya kazi ya mikono kwa miaka mingi, bila shaka unajua kwamba mkono una kumbukumbu yake, mbali na ile ya kichwa. Mimi nilikuwa mkereza vyuma kwa miaka 34 katika karakana moja jijini Dar es Salaam, na mkono wangu ndio ulioniamsha usiku wa manane, ugenini, ukaniambia kwamba nimetenda kosa.

Mwishoni mwa Mei 2022, mimi na Mama Rehema tulikwenda Marekani kumwona mjukuu wetu wa kwanza. Binti yetu ameolewa katika mji wa Rapid City, jimbo la South Dakota, nchi ya majani yasiyo na mwisho, yenye upepo usiochoka. Baba wa mume wake ni mzee wa miaka 78, aliyekuwa fundi wa umeme, mtu wa maneno machache. Kiingereza changu nami ni cha karakana: najua majina ya vyombo, amri, na makosa. Mazungumzo ya sebuleni hunishinda. Kwa hiyo wiki tatu za kwanza tulikaa sisi wawili tukitazamana kama abiria wanaosubiri treni moja, mpaka jioni moja aliponiashiria nimfuate katika chumba kilicho chini ya nyumba.

Huko nilikuta meza nzito ya mbao, na juu yake mtambo mdogo wa mkono uliokazwa kwa bolti, mizani, maikromita, na vikopo vilivyopangwa kwa utaratibu ambao ungemfurahisha msimamizi yeyote wa karakana. Mkwe mwenzangu alikuwa akitengeneza risasi zake mwenyewe. Kwetu jambo hilo ni kosa kubwa, kwani Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kuunda risasi bila leseni. Kwao raia anaruhusiwa kujitengenezea za matumizi yake, na wapo wengi wanaofanya hivyo, baadhi ili kuokoa fedha, wengine kwa kutaka risasi sahihi kuliko ile ya dukani. Mimi, kwa kuwa mgeni mwenye viza ya matembezi, sikuruhusiwa hata kushika risasi mpaka niwe na leseni ya uwindaji. Alinipeleka kuikata kesho yake asubuhi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba anataka mwenzi, wala si mtazamaji.

Risasi yenyewe ni ndogo mno. Jina lake ni Hornet, yaani dondora, yule mdudu wa jamii ya nyigu mwenye mwiba mkali. Ilibuniwa katika miaka ya 1920 na maofisa wa jeshi waliopenda ulengaji shabaha, akina Grosvenor Wotkyns na Townsend Whelen, kutokana na ganda la risasi ya zamani ya mwaka 1885, na kampuni ya Winchester ikaanza kuiuza mwaka 1930, kabla hata kiwanda chochote hakijaunda bunduki ya kuipigia. Ganda lake la shaba lina urefu wa milimita 35 na nusu hivi, na kichwa chake kina uzito chini ya gramu 3, lakini huruka kwa kasi ya zaidi ya meta 700 kwa sekunde. Haina kishindo kikubwa, na kichwa chake huvunjika kinapogusa ardhi badala ya kuruka kando, ndiyo maana wakulima wenye majirani waliipenda.

Kazi yenyewe ilinifanya nijione kijana tena. Ganda lililokwisha kupigwa husafishwa, fataki ya zamani hung'olewa, kisha ganda husukumwa ndani ya kalibu ili lirudi katika umbo lake, kwani moto wa baruti hulitanua. Hupimwa urefu, na shingo yake huchunguzwa kama ina ufa. Shingo ya Dondora ni nyembamba kama bati la kopo la maziwa. Ukisukuma kwa pupa hujikunja na ganda limekwisha. Halafu hupachikwa fataki mpya, humiminwa baruti, na mwisho kichwa hukalishwa mahali pake. Vipimo vyote vya baruti hutoka katika kitabu cha mtengenezaji, na mtu huanzia chini, akapanda kidogo kidogo huku akitazama dalili za moto kuzidi. Wanapima kwa greni, na ratili moja ina greni 7,000. Katika ganda dogo kama hilo sehemu ya kumi ya greni ni kitu kinachohesabika.

Nilimkumbuka baba mdogo wangu kule Kilosa. Alikuwa na gobore la kulindia shamba dhidi ya nguruwe na ngedere, na baruti akiipima kwa kiganja. Jioni moja ya masika alishindilia, akaitwa, akarudi, akashindilia tena. Nilikuwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo alikula kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo kwa mtu wa rika lake na dini yake lilikuwa fedheha ya kila siku, na sahani yake akatengewa peke yake, kwa hiari yake mwenyewe.

Mama Rehema hakupendezwa. "Mnapika risasi katika nyumba yenye mtoto mchanga?" aliuliza, na ilikuwa haki yake kuuliza. Mkwe mwenzangu alimwonyesha kabati lenye kufuli, akamkabidhi ufunguo wa akiba. Akaweka na amri: hakuna kumshika mtoto kabla ya kunawa mikono kwa sabuni hadi viwiko, kwa sababu ya vumbi la madini ya risasi. (Lugha yetu imefanya vyema kuita madini na kitu kile kwa jina moja, mtu hasahau anashika nini.)

Amri nyingine ilikuwa ya mezani: baruti moja tu kwa wakati mmoja. Kopo la pili halitoki kabatini mpaka la kwanza limefungwa na kurudishwa.

Sitakuficha, ndugu msomaji, kwamba upande wa pili wa mchezo huo haukunipendeza. Alinipeleka kwenye ranchi ya rafiki yake, ambako majani yameliwa hadi udongo na kuchakuro wa nyikani, wale ambao Wamarekani huwaita mbwa kwa sababu ya mlio wao. Husimama wima mlangoni mwa mashimo yao kama walinzi wa godauni. Alipiga wachache, kwa umbali wa meta 150 hivi, na hakuna aliyekwenda kuwaokota. Nilitaka kumlaumu moyoni kwa kuua asichokila. Ndipo nikakumbuka kwamba baba mdogo wangu, Mwislamu safi, aliwaua nguruwe na kuwaachia fisi, nami nikinunuliwa kalamu kwa mahindi yaliyookolewa. Lakini shamba la kuchakuro hao nalo lina wenyewe. Yuko kicheche mwenye miguu myeusi ambaye chakula chake karibu chote ni wao; walipopungua kwa sumu na tauni naye alidhaniwa ametoweka duniani, mpaka alipoonekana tena katika jimbo la Wyoming mwaka 1981, na kufikia 1987 waliobaki walikuwa 18 tu, wote wamekamatwa ili wazalishwe. Tai nao hula mizoga pamoja na vipande vya risasi vilivyomo, wakafa kwa sumu. Jimbo la California limekataza kuwinda kwa risasi za madini hayo tangu Julai 2019. Mkwe mwenzangu, ambaye jimbo lake halimlazimishi, porini hutumia vichwa vya shaba tupu. Nilipomwuliza sababu alisema, "Mimi nimezeeka. Tai naye aachwe azeeke."

Sasa nirudi kwenye kosa langu.

Ilikuwa jioni ya Agosti. Tulikuwa tumekwisha kujaza maganda 50, na baruti iliyobaki ilikuwa bado katika chombo cha kupimia. Yeye, kwa furaha ya kunionyesha kitu, alikuwa ametoa kabatini kopo la pili, la baruti ya bunduki ya marisau, ambayo mwanawe hutumia kuwinda fezanti. Makopo yalifanana, meusi yote mawili, ya kiwanda kimoja, na baruti zote mbili zilikuwa punje ndogo za kijivu. Akapanda juu mara moja. Mara Rehema akaniita kutoka ngazini: simu kutoka nyumbani, dada yangu amelazwa. Nilitaka kuacha meza safi, kama nilivyofundishwa ujanani. Nikamimina masalio katika kopo, nikafunga makopo yote, nikayarudisha, nikakimbia.

Dada alikuwa na malaria, na alipona. Nililala vizuri mpaka kama saa nane za usiku, mkono uliponiamsha. Kopo la Dondora tulilifungua jioni ile ile, lilikuwa karibu kujaa. Nililoshika mimi lilikuwa jepesi.

Nilikaa kitandani gizani. Chumbani kwa wazazi wake mtoto alilia kidogo, akanyamaza. Baruti iliyochanganywa haina kitabu. Hakuna kiwanda kinachoweza kukuambia itafanya nini, na aliyekuwa aiwashe karibu na macho yake ni mume wa binti yangu. Hayo niliyajua barabara. Hata hivyo, nakiri kwamba kilichonijia kwanza hakikuwa yeye. Nilifikiri juu ya ufundi wangu wa miaka 34. Nilifikiri jinsi mzee wa Kiafrika atakavyosimulika. Nilifikiri kwamba baruti imeadimika na kupanda bei tangu mwaka 2020. Nikafikiri hata kwamba huenda mkono umekosea. Nililea fikra hiyo ya mwisho kwa muda mrefu kuliko zote.

Alfajiri nilimkuta jikoni akichemsha kahawa.

"Nimeharibu kopo lako," nilimwambia. Nikamweleza, nusu kwa maneno, nusu kwa mikono.

"Una hakika?"

"Sina hakika. Ndiyo maana nakwambia."

Alinitazama, akashuka chini, akarudi na kopo la marisau. Alitoka nje kwa viatu vya kulalia, akaimwaga baruti yote juu ya udongo wa bustani, nyembamba, kama mtu anayepanda mchicha, akainyunyizia maji. Kisha alilipasua kopo kwa kisu na kulitupa. Nilimwambia nitalipa. Akatikisa kichwa, akasema, "Makopo mawili mezani. Nani aliyeyatoa?"

Baadaye alifungua mtoto wa meza akanionyesha ganda la shaba lililopasuka kutoka kitako hadi begani. Ni la bunduki yake mwenyewe, la ujanani. Miwani ndiyo iliyomponya. Mkewe hajawahi kuambiwa, na aliniomba nisimwambie. Nami nadhani haelewi Kiswahili.

Jioni ile mezani palikuwa na kopo moja. Alinipa chombo cha kupimia.

Fezanti hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Oktoba, wiki moja kabla ya safari yetu ya kurudi. Mkwe wangu alituchukua wazee wote wawili hadi mashariki ya jimbo, kwenye mashamba ya mahindi, akiwa na risasi za kopo jipya tulilojaza pamoja. Sikubeba bunduki. Nilisimama ukingoni mwa shamba karibu na gari, nikasikiliza mlio mmoja, kisha mwingine, nikihesabu, na kila baada ya mlio nikisubiri kusikia sauti yake ikimwita mbwa. Nilihesabu saba. Mkwe mwenzangu, kando yangu, mikono mifukoni, midomo yake nayo ilikuwa ikihesabu.