Kibombo: Mwenye kutafuta mtaji aanze na daftari yake

KIBOMBO, MANIEMA – Katika teritware ya Kibombo, kusini mwa mji wa Kindu, fikra za kazi hazikosekani. Vijana wanataka kununua mashine ya kukoboa mpunga. Wamama waliokimbia vita wakapokelewa na ndugu wanataka kuuza mawese, kushona nguo, kuoka mikate. Kinachokosekana ni mtaji. Na siku mwenye pesa anapopatikana, mara nyingi maongezi yanakatika upesi, kwa sababu ya ulizo moja: «Pesa hii itarudi namna gani?»

Wengi wanajibu ulizo hilo kwa kueleza shida zao: nyumba iliyoungua, watoto waliofukuzwa shuleni, shamba lililobaki nyuma. Shida hizo ni za kweli. Lakini mtu wa msaada na mtu wa mtaji hawasikilizi kwa sikio moja. Mtu wa msaada anauliza: umepungukiwa na nini? Mtu wa mtaji anauliza: nani atanunua, kwa bei gani, na mwisho wa mwezi kitabaki nini? Familia ya wahami, iliyoandikwa kwenye liste nyingi tangu ilipohama, imejifunza vizuri kujibu ulizo la kwanza. La pili hakuna aliyewafundisha. Hapo ndipo kazi nyingi nzuri zinapofia.

Kuhama kwenyewe si kizuizi. Washikala Malango na Iongwa Mashangao walikimbia vita vya Kivu ya Kusini wakiwa watoto, wakakulia katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, nchini Tanzania. Waliporudi Kongo walianzisha Altech mwaka 2013, kampuni ya kuuza taa za nguvu za jua, na baadaye wawekezaji wa ng'ambo wakaiwekea pesa. Mtu aliyekulia kambini anajua giza, na anajua mafuta ya koroboi yanakula franka ngapi kila juma. Mbele ya mwekezaji, maarifa hayo yana thamani kuliko machozi: yanaonyesha kwamba mwenye mradi anamfahamu mnunuzi wake.

Basi kabla ya kwenda kuomba, hesabu ifanywe nyumbani, kwenye daftari. Kwa mfano, kijana anataka mashine ya kukoboa mpunga ya franka 1,440,000. Anatumaini kukoboa gunia 10 kwa siku, kila gunia franka 2,000. Hiyo ni 20,000. Atoe 8,000 ya mafuta, 4,000 ya msaidizi, 2,000 ya kutengeneza mashine ikiharibika. Inabaki 6,000. Akifanya siku 20 kwa mwezi, anapata 120,000, na kwa miezi 12 mashine imejilipa. Kwenye karatasi, mkopo wa mwaka mmoja unaonekana mwepesi.

Lakini mpunga hauvunwi miezi 12. Kama kazi ni nzito miezi 4 tu, faida ya mwaka ni 480,000, na mashine itajilipa kwa miaka 3. Kijana aliyechukua mkopo wa mwaka mmoja, akaweka kiwanja cha baba yake kuwa rehani, atapoteza kiwanja hata kama alifanya kazi kwa bidii kila siku. Hakuwa mvivu wala mwizi. Alikosea aina ya pesa.

Kwa maana pesa ziko za aina tatu. Mkopo unarudishwa pamoja na faida, kazi iende au isiende. Ruzuku hairudishwi, lakini ina mashindano, ina tarehe, na inataka ripoti. Ubia ni mtu kuweka pesa na kuwa mwenye sehemu: kazi ikipata, anapata, kazi ikianguka, anaanguka pamoja na mwenzake. Ndiyo maana mbia anauliza maulizo mengi kuliko benki, na anataka kuandikiana mapema nani ana sehemu gani na nani anaamua.

Kijana wa mashine, akiisha kuona hesabu yake, anaweza kutafuta mbia badala ya mkopeshaji, ama kuifanya injini hiyohiyo isage mihogo miezi ambayo mpunga haupo. Na hapo maneno ya kumwambia mwenye pesa yanakuwa machache: wakulima hawa wanatwanga kwa mikono ama wanapeleka mbali, mashine hii itafanya kazi hii, hawa ndio wamekubali kuileta mpunga wao, gharama ni hii, faida ni hii, pesa itarudi kwa miezi hii. Halafu aseme pia kile kinachoweza kuharibika: treni ya kutoka Kindu ikichelewa, kipuri kitatoka wapi? Barabara ikikatwa na mvua, mafuta yatafika namna gani? Mwenye kutaja hatari yake mwenyewe anaaminiwa kuliko yule anayeahidi kwamba kila kitu kitakwenda sawa.

Kwa mtu asiye na kiwanja wala mshahara, ushahidi wa kwanza hupatikana katika kikundi. Likelemba inafundisha kulipa kwa zamu. AVEC, vikundi vya akiba na mikopo vya kijijini, vinakwenda mbali zaidi: mtindo huo ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na sasa unajulikana sana mashariki mwa Kongo. Sanduku moja, kufuli tatu, watu watatu wenye funguo, kila mmoja na kijitabu chake. Mama mhami aliyekopa humo mara tatu na kurudisha mara tatu ana kitu cha kuonyesha ambacho hotuba haiwezi kununua.

Karatasi za serikali nazo zina kazi yake. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria zake zinamruhusu mwenye kazi ndogo kujitangaza kama «entreprenant», bila malipo kwa mujibu wa maandiko. Tarehe 8 Septemba 2022 ilitoka pia sheria namba 22/030 juu ya ujasiriamali na kampuni changa. Sheria peke yake haileti franka Kibombo, lakini asiye na karatasi hahesabiwi siku pesa inapofika.

Jambo moja la kuangaliwa sana na familia zilizohama: mtu anayeahidi mtaji mkubwa, lakini kwanza anadai pesa ya fomu ama ya kufungua dosie, bila ofisi inayojulikana na bila risiti. Mwekezaji wa kweli anakuja kuona kazi na kusoma daftari. Anayeharakisha kupokea bila kuuliza chochote juu ya wanunuzi, huyo hatafuti kazi. Anatafuta akiba ya mwisho iliyofichwa ndani ya kitambaa cha mama.

Daftari ya shule inatosha kwa kuanza. Upande mmoja kilichoingia, upande mwingine kilichotoka, kila jioni, hata siku ambayo hakuna kilichouzwa.