Kitanda Kabla ya Sindano: Kazi ya Kuwatunza Mbwa Wazee wa Gataka

Tawasifu hii imeandikwa kwa sababu mwandishi wake anastaafu wakati ambapo kazi ya kumfuata mnyama nyumbani kwake, kumpapasa viungo na kukagua mahali anapolala, inaachiwa kaunta ya agroveti na picha zinazotumwa kwa simu. Mengi aliyoyafanya mwandishi yatafanywa vizuri zaidi na watakaomrithi. Lakini lipo jambo moja linaloelekea kupotea, nalo ni namna ya kumtunza mbwa au paka mwenye baridi yabisi, yaani maradhi ya viungo kuuma, kuvimba na kukakamaa, katika miezi ya Juni hadi Agosti, ambayo ndiyo majira ya baridi na mawingu katika Gataka, sehemu ya Kajiado alikofanyia kazi.

Mwandishi alizaliwa katika boma la wafugaji, akakulia kati ya mbuzi na mbwa wa machungani, kisha akapata cheti cha afya ya wanyama katika chuo cha AHITI, Kabete. Alihitimu katika miaka ya 1990, wakati serikali ilipokuwa imepunguza ajira za wahudumu wa mifugo, hivyo akajitegemea kama wenzake wengi. Huko Gataka mashamba yalikuwa yakigawanywa kuwa viwanja, nyumba za mawe zikijengwa ndani ya kuta ndefu, na kila ua ukitafuta mbwa wa ulinzi. Wengi wa mbwa hao walikuwa wa jamii ya German Shepherd na Rottweiler, ambazo hurithi kwa urahisi kasoro ya nyonga, yaani kichwa cha mfupa wa paja kutokaa imara katika kikombe chake, na kasoro hiyo huanza kula gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, mapema kabla ya uzee.

Aliyemfunza mwandishi kazi hii ya wanyama wa nyumbani alikuwa mzee mmoja aliyekwisha kustaafu utumishi wa umma, ambaye alikuwa na kanuni isiyovunjwa: kila alipoitwa kumtazama mbwa anayechechemea, aliingia kwanza bandani, akaweka kiganja sakafuni, ndipo akamgusa mgonjwa. Kanuni hiyo ilitokana na kuielewa desturi ya nyua hizi, kwamba mbwa hufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku, ili alinde katika saa zilezile ambazo baridi ni kali zaidi. Sakafu ya banda huwa saruji, paa na kuta huwa mabati, na kila alfajiri mfanyakazi humwaga ndoo za maji kuondoa uchafu, kisha mbwa hurudishwa kulala juu ya unyevu huo. Saruji hunyonya joto la mwili, baridi huipunguza damu inayofika miguuni, misuli hukaza, na kiungo kinachokaa saa nyingi bila kusogea hukakamaa, hata mnyama ashindwe kuinuka bila kulia.

Hapo ndipo ulipozaliwa ubishi ambao mwandishi ameuendeleza mpaka leo na mtaalamu mwenzake, ambaye hatatajwa jina. Mwenzake alishikilia kwamba mwenye nyumba hulipia ulinzi wala si kitanda, na kwamba sindano ya deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi inayozima uvimbe upesi, humwamsha mbwa siku hiyohiyo. Ni kweli humwamsha. Lakini sindano hiyo ikirudiwa mwezi baada ya mwezi humfanya mbwa ale kupita kiasi, anenepe na kuyaelemea magoti yaleyale yanayouma; humtia kiu na kumkojoza mara kwa mara, hivyo malazi yake huloa; hudhoofisha misuli inayokishika kiungo, na huweza kuidhuru gegedu iliyosalia. Ikichanganywa na dawa nyingine za maumivu, huweza kuleta vidonda vya tumbo vinavyovuja damu. Walioshuhudia mbwa akiruka ua usiku ule walimsifu mwenye sindano. Wachache walikuwapo mbwa huyohuyo alipoishiwa nguvu.

Njia ya yule mzee ilikuwa ya gharama ndogo na usumbufu mwingi. Kitanda cha mbao kiliinuliwa shubiri moja kutoka sakafuni, kikatandikwa godoro kuukuu lililovikwa plastiki na gunia la nyasi kavu lililobadilishwa kila lilipoloa. Mlango wa banda ulielekezwa mbali na upepo wa kusini-mashariki unaovuma katika majira hayo. Sakafu ilifagiwa asubuhi na kuoshwa adhuhuri, jua likiwapo. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa kwa kitambaa na kupimwa kwanza kwa mkono, iliwekwa kiungoni kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha mbwa akatembezwa polepole, mwendo mfupi mara mbili kwa siku, kwa sababu kumfunga kabisa hukakamaza na kumkimbiza hujeruhi. Kucha zilikatwa ili asiteleze.

Uzito una nafasi kubwa kuliko wenye nyumba wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2002, uliowafuatilia mbwa 48 wa jamii ya Labrador maishani mwao, ulionyesha kwamba waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi na walichelewa kuhitaji tiba ya viungo. Mbwa ambaye mbavu zake hazihisiki chini ya kiganja apunguziwe ugali.

Kwa vijana wanaoingia kazini, mwandishi ana maneno machache yasiyo na mzaha. Paka mwenye baridi yabisi huumia kimya. Huacha kurukia dirisha na kujilamba mgongo, na manyoya yake hushikamana. Msimpe parasetamoli kamwe, kwa kuwa huua paka, wala msimpe mbwa ibuprofeni au diklofenaki ya binadamu. Meloksikamu ya wanyama husaidia sana, lakini hupimwa kwa uzito, hutolewa pamoja na chakula, na huhitaji figo zenye afya. Kwa hiyo mgonjwa apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na bodi iliyowekwa na sheria ya mwaka wa 2011. Na mkiisha kuandikiwa dawa hiyo, nendeni mpaka bandani. Daktari anayetibu kiungo bila kuona kilipolala ameifanya nusu ya kazi, na mnyama ambaye amelinda nyumba ya watu kwa ujana wake wote ana haki ya kutendewa kazi nzima.