Usaha Ukikauka, Uchunguzi Usiishe

Katika kambi zetu jipu la shingo huhesabiwa kuwa jambo dogo. Mara nyingi huanzia katika jino bovu au koo lenye ugonjwa, na usaha ukitolewa, dawa zikamezwa, mgonjwa hupona. Lakini pengine nyuma ya jipu hujificha adui mwingine.

Mume wangu, askari polisi aliyepita umri wa miaka 50, alivimba shingo upande mmoja, akashindwa kumeza hata uji. Hospitalini alipasuliwa, na siku ya tatu homa ikashuka. Ndipo daktari alipotueleza kwamba alikwisha kata kipande cha nyama ya ukuta wa jipu, kikapelekwa maabara, na sasa alitaka kulichunguza koo.

Mume wangu akasema, "Mama Asha, homa imekwisha. Nirudi kazini."

Nikamjibu, "Baba Asha, lindo haliachwi kwa kuwa usiku ni kimya." Akakubali.

Daktari alitufahamisha kwamba saratani ya findo la koo au ya shina la ulimi huweza kuwa ndogo mno, isionekane wala isiume, huku ikienea hadi kwenye tezi za shingo. Tezi ikioza katikati, vijidudu huingia nayo hugeuka jipu. Dawa hutuliza jipu, saratani ikabaki. Kwa hiyo nyama hutazamwa kwa hadubini, ambayo huweza kufichua pia kifua kikuu cha tezi.

Majibu yalikuwa saratani ya findo. Leo mume wangu anatibiwa kwa mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967. Mwisho wa safari hii hatuujui, lakini adui tumemjua mapema.

Basi ndugu zangu, hasa mliopita miaka 40, na mnaovuta tumbako au kunywa pombe kwa wingi: jipu la shingo likipasuliwa, ulizeni kama nyama imepimwa. Uvimbe ukirudi, au ukikaa zaidi ya majuma mawili au matatu, au sauti ikikwaruza, au sikio moja likiuma bila sababu, rudini kwa daktari. Nasi wake tusichoke kuwahimiza. Kidonda kilichofunga si ushahidi kwamba ugonjwa umeondoka.