Kitabu cha Mtu Asiyejulikana

Katika mwaka wangu wa tatu wa masomo huko Evanston, kaskazini ya mji wa Chicago, siku moja ambayo upepo wa ziwani ulinifukuza barabarani, niliingia katika maktaba ya Herskovits ya Chuo Kikuu cha Northwestern kutafuta habari za Pangani ya kale. Na kwa kuwa macho ya msomaji hayatulii penye lile alilolijia, mkono wangu uliangukia kijitabu chembamba cha kurasa 92, chenye jalada la karatasi laini na pini mbili zilizoota kutu, ambacho jina la mtungaji wake sikupata kulisikia hata siku moja, walakini chini ya jina hilo palipigwa chapa nambari ya sanduku la posta la Tanga, mji niliozaliwa.

Maktaba hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1954, imekua kwa kukusanya maandishi ya Afrika pasipo kungoja yasifiwe kwanza. Na Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo tangu mwaka 1966 ina ofisi yake Nairobi, hununua vitabu vya nchi zetu, vya wachapishaji mashuhuri na vya watu waliojichapishia wenyewe, kwa ajili yake na kwa maktaba nyingine za huko. Yamkini kijitabu changu kilipita njia hiyo. Mimi niliyekulia Ngamiani, mwendo mfupi wa miguu kutoka posta yenye sanduku lile, ilinibidi nivuke bahari ndipo nionane nacho.

Nilitaka kujua kama kinastahili kusomwa, nikafanya wafanyavyo wenyeji wangu: nilitafuta nyota. Tangu Amazon ilipofungua, mwaka 2007, mlango wa kila mtu kujichapishia kitabu cha kusomwa katika kifaa chake cha Kindle, kazi za watungaji wa kujitegemea zimekuwa nyingi kama mchanga, na msomaji, ambaye hana umri wa kuzionja zote, huikabidhi hukumu yake kwa watu asiowajua, ambao huweka nyota moja hadi tano na kwenda zao. Sisemi kuwa nyota hizo ni za uongo. Lakini nyota tano za mtu apendaye mapigano na nyota tano za mtu apendaye lugha fasaha hutiwa kapu moja, zikachanganywa, ikapatikana hesabu isiyo ya huyu wala ya yule. Nilipata kununua riwaya moja kwa kuitii hesabu ya namna hiyo, nikaiacha katika sura ya pili, kwa sababu watu wote waliomo, mzee na mtoto, tajiri na maskini, walisema kwa ulimi mmoja.

Wapo pia wahakiki wa kulipwa. Jarida la Kirkus, lililoanza kuhakiki vitabu mwaka 1933, hupokea ada kwa mtungaji wa kujitegemea, naye akaandikiwa uhakiki; ada hiyo hainunui sifa, na hilo ni la insafu, ila mtungaji asiyeridhika na aliyoandikiwa ana hiari ya kutoyatangaza, na kwa hiyo anayesoma hukumu zilizotangazwa hana budi kukumbuka kuwa ziko nyingine zilizofungiwa ndani. Lililonipendeza zaidi mjini Chicago ni duka la Quimby's, lililofunguliwa mwaka 1991, ambalo hukipokea kijitabu kutoka mkononi mwa aliyekitunga kwa mali kauli, kama wasemavyo wafanyabiashara wetu, kikakaa rafuni mpaka apatikane mnunuzi. Nimesimama mbele ya rafu zile saa nzima, nikijizoeza kukifungua kitabu cha mtu nisiyemjua pasipo kumdhania vibaya.

Kijitabu changu hakikuwa na nyota hata moja. Nikampigia simu ami yangu, Tanga.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Baridi yenu haijambo?"

Nikamtajia jina la mtungaji. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kuwa mtu yule alikuwa karani wa bandarini, kwamba ameshafariki, na kwamba kitabu kile alikichapisha kwa kiinua mgongo chake, akakitembeza mwenyewe baraza kwa baraza katika mfuko wa kitambaa. "Tulikisoma hapa hapa, naye ameketi anasikiliza," alisema Ami. "Tulimwambia: sura ya dema usiiguse. Lakini mwisho wake umekimbia, kama mtu aliyeanika nguo akaona mvua."

Hivyo ndivyo kitabu kinavyohukumiwa kwetu. Husomwa kwa sauti, aghalabu mtungaji mwenyewe akiwapo, na watu ambao tabia zao zinajulikana: Ami, kwa mfano, hapendi hadithi za mashetani, na kwa kuwa nalijua hilo, akikilaumu kitabu cha mashetani naipunguza lawama yake nusu. Na haya si mageni kwetu. Wasomaji wa Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, walizoea kulipima shairi la mtu wasiyemjua kwa mizani na vina, ambavyo kila mwenye vidole na masikio aliweza kuvihesabu. Nathari haina mizani ya namna hiyo, wala sijaiona njia ya kuipima iliyo bora kuliko kuisoma ikasikika.

Basi nilifunga mlango wa chumba changu nikaisoma sura ya dema, ule mtego wa samaki, kwa sauti. Makosa ya chapa yalikuwa mengi. Neno bahari limepinduliwa herufi mara tatu katika ukurasa mmoja, na makosa kama hayo mimi huyahesabu kuwa ni ya umaskini wa mfuko, si ya akili. Humo mzee mmoja anamchukua kijana mwambani maji yakiwa yamekupwa, tena ni bamvua, kwa kuwa mtungaji anajua kuwa wakati wa maji mafu mwamba ule hauonekani wote. Kijana ana haraka, anataka kuutia mkono katika mdomo wa dema kabla ya kutazama kilichomo. Mzee hamkatazi; anamwuliza ana vidole vingapi, na kijana anaurudisha mkono. Nilirudia maneno yale mara nne. Karani wa bandarini, aliyezunguka na mfuko wa kitambaa, alikuwa na sikio ambalo wengi waliochapishwa kwa majalada ya kung'aa hawakujaliwa.

Wako watu kwetu wanaoona kuwa aliyejichapishia ni aliyekataliwa. Wamesahau kuwa mshairi Shaaban Robert, fahari ya Tanga yetu, alianzisha kampuni yake mwenyewe ya kuchapisha, Art and Literature. Elvis Musiba alitoa riwaya kwa Continental Publishers aliyoianzisha yeye. Ben Mtobwa, naye mwandishi wa riwaya, aliianzisha kampuni ya Heko.

Linalonihuzunisha ni kwamba hukumu ya baraza lile haikuandikwa popote. Neno la Ami juu ya mwisho uliokimbia lina haki zaidi kuliko nyota elfu, lakini halimo katika gazeti wala katika waraka, na kama simu yangu ingechelewa miaka michache, kitabu kingekuwapo Evanston, kimehifadhiwa na kuorodheshwa, pasipo mtu wa kueleza kilipokewaje na kaumu kiliyoandikiwa. Ndiyo maana nimenunua daftari.

Kila Jumamosi, saa mbili ya asubuhi kwangu na saa kumi na moja ya jioni kwao, nawasomea watu wa baraza la Ami kijitabu kile kwa simu, kwa kuwa hawana tena nakala hata moja. Katika waliokisoma mbele ya mtungaji mwenyewe wamebaki wawili tu, na wengine ni vijana waliokuja kwa ajili ya kahawa wakabaki kwa ajili ya hadithi. Juma lililopita mzee mmoja alinikatiza penye habari za mrengu wa ngalawa, akasema mtungaji amekosea. Wa pili akamtetea. Wakashindana mpaka adhana ya magharibi, nami nikayaandika ya wote wawili, pamoja na tarehe. Tumefika ukurasa wa 61. Ami ameniomba kwamba tutakapoufikia mwisho ule, niusome polepole.