Spina ya mama imenitoa jasho

Kuna watu wamenitumia meseji kuuliza, vipi, umedisko nini mbona kimya? Sijadisko jamani, msinitabirie mabaya. Wikiendi iliyopita nilikuwa nyumbani Mbagala. Nilibeba madesa yangu yote ya umeme na sumaku nikijua nakwenda kusoma, maana Jumanne tulikuwa na tesiti. Badala yake nimeishia sakafuni kwenye korido, nimelala ubavu, tochi ya simu nimeing'ata mdomoni, naangalia tumbo la mashine ya kufulia.

Ngoja nianze mwanzo.

Mama yangu anafua. Yaani ndiyo kazi yake, ndiyo iliyonisomesha kabla sijaanza kula boom. Anafua nguo za majirani, sare za watoto, na mzigo mkubwa ni mashuka ya nyumba moja ya wageni pale Rangi Tatu. Alikuwa anafua kwa mikono mpaka 2019, akapokea zamu yake ya mchezo, akaenda Kariakoo akarudi na mashine ya mtumba, ile ya matenki mawili. Mnaifahamu: kushoto tenki la kufulia, kulia kile kipipa chenye matobo kinachozunguka kwa kasi kukamua maji. Sisi tunakiita spina.

Sasa kuna mtu hapa chuoni nilipomwambia nimetengeneza mashine ya kukaushia nguo akadhani nazungumzia zile za kwenye sinema za Marekani, unaingiza nguo mbichi zinatoka za moto kama chapati. Ile ina hita ndani, inavuta umeme kama jiko la umeme, ukiiwasha Mbagala unit za LUKU zinaisha huku unaziona kwa macho. Spina haina joto lolote. Inazungusha tu, maji yanakimbilia nje kwenye matobo, nguo inabaki na unyevunyevu. Ukianika juani saa moja unusu imekauka. Kiangazi unaweza kuishi bila spina. Lakini masika? Masika mama bila spina hana kazi. Shuka lililokamuliwa kwa mkono linakaa kwenye kamba barazani siku mbili, na likikauka linanuka uvundo. Hakuna mgeni anayelipa chumba alalie shuka linalonuka uvundo.

Alhamisi usiku mama akapiga simu. Mama yangu hapigi kulalamika. Anaanza, "Umekula?" Halafu, "Mvua huko ipo?" Halafu ndiyo anasema kilichomfanya apige, tena kwa sauti ya chini kama anaogopa kunisumbua. Spina imekufa. Inavuma tu "mmmmm" haizunguki. Fundi wa mtaani ameshakuja, ameinusa, amesema mota imeungua, elfu themanini na tano pamoja na ufundi. Na mashuka ishirini na nne yanatakiwa Jumamosi jioni, mwenye nyumba ya wageni ameshasema yakichelewa tena anatafuta mtu mwingine.

Elfu themanini na tano! Boom lenyewe mnajua lilikuwa limefikia wapi.

Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho nikatoka Chang'ombe kwenda nyumbani. Mvua, foleni, tope. Nafika Kizuiani saa mbili usiku, viatu mkononi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, chai, halafu moja kwa moja kwenye mashine. Inakaa kwenye korido, chini ya ule ufa. (Nyumba yetu ina ufa toka dirishani mpaka kwenye dari, wa siku ile mabomu yalipolipuka kwenye kambi ya jeshi, 29 Aprili 2009. Nilikuwa mdogo sana, nakumbuka nimebebwa mgongoni na watu wanakimbia. Ufa umezibwa mara tatu na kila masika unarudi.)

Nikawasha spina. "Mmmmm." Nikatabasamu mwenyewe gizani. Wadau, mimi nasoma ualimu wa fizikia na hesabu, mota ya umeme wa fezi moja nimeifanyia kazi mpaka naiota. Umeme wetu wa majumbani, volti 230, unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Waya mmoja wa koili peke yake unatengeneza sumaku inayokwenda mbele na kurudi nyuma, haijui izungushe upande gani. Ndiyo maana wanaweka koili ya pili na kuipitisha kwenye kapasita, ili sumaku yake itangulie kidogo ile nyingine. Hapo ndipo mzunguko unapata pa kuanzia. Kapasita ikichoka, mota inavuma na kukaa pale pale. Dalili ni hiyo hiyo niliyokuwa naisikia!

Nikamwambia mama, "Mota haijaungua. Ni kapasita. Haizidi elfu kumi." Nilivyosema utadhani ndiye niliyeigundua.

Jumamosi asubuhi nikafungua nyuma. Kwanza nimechomoa plagi ukutani, sio kuzima swichi tu, nimechomoa. Na kapasita usiiguse hata plagi ikiwa imechomolewa, maana inaweza kuwa imebaki na chaji. Mafundi wengi wanaigonganisha na bisibisi, inapiga cheche paa! Mimi nilichukua balbu ya zamani kwenye holda yenye waya mbili, nikagusisha, chaji ikaishia humo. Nilipiga hesabu kabisa: maikrofaradi 5 kwenye volti 325 za kilele ni kama robo ya jouli. Haikuui, ila itakufanya urushe bisibisi imchome mtu. Kinachoua ni ile plagi.

Nikaibeba kapasita mpaka Kariakoo. Muuzaji akaiangalia, akaniangalia, "Dada, fundi kakutuma?" Nikamwambia fundi ndio mimi. Akacheka, sio kwa ubaya, akanipa mpya ya maikrofaradi 5, volti 450, elfu saba, na tepu ya waya ya bure. Nikarudi na daladala nimekumbatia kimfuko kama nimebeba yai.

Nikaifunga. Mama amesimama, mdogo wangu wa darasa la tatu amesimama, jirani naye kapitia. Nikachomeka. Nikafunga mfuniko, nikazungusha taima.

"Mmmmm."

Kha! Nilisikia masikio yanawaka moto. Nilishawahi kukosea ubaoni mbele ya darasa zima kwenye mazoezi ya kufundisha, lakini ile haikuwa kitu. Jirani akaaga. Mama hakusema neno, aliuliza tu taratibu, "Kwa hiyo ile elfu saba imekwenda?" Saa sita mchana hiyo. Mashuka yamefuliwa yote, yamejaa kwenye mabeseni manne, yanachuruzika maji.

Nikakaa chini. Ndipo mama akasema, kama anajisemea, "Mimi naona ni ile harufu. Tangu wiki iliyopita ilikuwa inanuka kama ndala imewekwa kwenye mkaa, na ilikuwa inazunguka kwa uvivu."

Nikamwangalia. Ndala?

Mota ikiungua inanuka vanishi, ile rangi inayopakwa kwenye waya wa koili, harufu kali inayokaa kooni. Ndala ni mpira. Na mpira uliomo mle chini ni wa breki. Wiki nzima mama alikuwa anajua, na si fundi si mimi tuliyemuuliza chochote. Fundi alinusa, mimi nilisikiliza mlio, basi, kila mtu akatoa jibu lake.

Breki ya spina inafanya kazi hivi. Chini ya kipipa kuna gurudumu dogo juu ya mota, na pembeni yake kuna mkono wenye kipande cha mpira. Springi inausukuma huo mkono ubane gurudumu muda wote. Kuna waya mwembamba unaotoka kwenye mkono kwenda juu mpaka kwenye mfuniko. Ukifunga mfuniko, waya unavutwa, breki inaachia, kipipa kinakuwa huru. Ukifungua, umeme unakatika, waya unalegea, springi inabana, kipipa kinasimama. Hapo hakuna fizikia ya kujidai, ni breki ya baiskeli tu.

Nikachomoa plagi tena, nikafunga mfuniko, nikaingiza mkono kwa nyuma kuzungusha gurudumu. Zito! Nikausukuma mkono wa breki kwa kidole, likazunguka laini kabisa. Jibu lilikuwa pale pale tangu Ijumaa usiku, lingenichukua dakika tano na lisingenigharimu hata mia. Waya ulikuwa umerefuka kwa uzee, nyuzi zake nusu zimekatika kwa kutu, hauvuti inavyotakiwa, kwa hiyo mota ilikuwa inazunguka huku imekanyagiwa breki mpaka ikashindwa.

Ndoano ya ule waya ina matundu matatu. Nikauhamisha tundu moja. Plagi. Mfuniko. Taima.

Vuuuuuuuuu!

Mama alipiga kigelegele kimoja kifupi akaziba mdomo mwenyewe. Mdogo wangu anaruka ruka. Maji yanamwagika kwenye bomba la kutolea kama mtu amefungua koki. Nikaona basi, nimeokoka. Nikafungua mfuniko nitoe shuka la kwanza... kipipa kinaendelea kuzunguka. Umeme umekatika ndiyo, lakini chenyewe kinakwenda. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu... kimesimama kwenye ishirini na mbili. Nilikuwa nimeuvuta waya mno, sasa breki haishiki kabisa.

Mama akasema, "Acha hivyo hivyo, tutasubiri kisimame. Mashuka yanangoja."

Hapa ndipo tulipogombana. Maana mdogo wangu ndiye anayemsaidia mama kutoa nguo, na mtoto hasubiri sekunde ishirini na mbili. Anaingiza mkono. Shuka linalozunguka likimshika mkono haliulizi ana miaka mingapi. Nikamwambia mama siwashi. Akaniambia, mwanangu, saa tisa hii, hao watu wakienda kwingine hiyo ada ya mdogo wako utalipa wewe? Na ana haki, wadau, ndiyo kilichoniuma. Sina hata nauli ya kurudia chuo nzima nzima, halafu nasimama katikati ya korido yake namkataza kufanya kazi. Nikachomoa plagi nikaishika mkononi. Mama akaingia chumbani akafunga mlango.

Nikatoka mbio kwenda kwa fundi baiskeli wa kwenye kona. Nikamweleza: nataka waya wa breki na kile kinati cha kubania. Hakuuliza ni wa nini, nadhani aliona uso wangu. Elfu mbili mia tano vyote. Akanionyesha jinsi ya kubana waya kwanza kidogo, kujaribu, kulegeza, kubana tena, "Usikaze kwa hasira," akasema. Sijui alijuaje.

Uzuri wa kile kinati ni kwamba hauchagui tundu la kwanza au la pili, unapata pale katikati unapopataka. Nilijaribu mara sita au saba, kila mara plagi nje kwanza. Mwisho mfuniko ukifungwa kipipa huru, ukifunguliwa moja, mbili, tatu, kimesimama. Nikagonga mlango wa mama. Alitoka, akafungua na kufunga mfuniko mwenyewe mara tatu, akihesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Halafu akaanza kupakia mashuka. Hakuniambia asante na mimi sikuomba msamaha, ila usiku nilikuta kipande changu cha samaki ni kile cha mkiani, ninachokipenda.

Hatukuwahi yote. Saa moja usiku tulipeleka mashuka kumi na sita, yamepigwa pasi na mengine yana joto bado. Manane yalikuwa mabichi, tukayapeleka Jumapili mchana. Mwenye nyumba ya wageni alikata pesa kidogo na akanuna, lakini mzigo wa wiki hii amempa mama. Jumla ya gharama: elfu saba ya kapasita isiyo na kosa, elfu mbili mia tano, na nauli ya Kariakoo. Kapasita ya zamani nimekuja nayo, iko hapa mezani, nzima kabisa. Nitaitumia kwenye mazoezi ya kufundisha. Tesiti ya Jumanne nimefanya, msiniulize.

Jumapili jioni wakati narudi nilikutana na yule fundi wa elfu themanini na tano pale kituoni. Nikataka kupita kimya, akaniita yeye. "Nasikia umeitengeneza. Ilikuwa kapasita?" Nikamwambia nilidhani hivyo na mimi, nimetupa elfu saba. Akacheka, akajikuna kichwa, "Mimi nilinusa tu, sikufungua." Halafu akaniuliza waya nimeupata wapi, maana ana nyingine ya mteja, inavuma vile vile, na alikuwa ameshaagiza mota. Nikamwambia waya wa baiskeli. Akanyamaza kidogo. Ameomba Jumamosi aje aone nilivyoifunga, nimemwambia aje, tena aje na multimita yake, maana mimi sina.