Nilisema ni jini



Mwaka jana binti yangu wa miaka 15 aliacha kula. Usiku halali, asubuhi haamki, hata kaswida za madrasa alizokuwa akizipenda hataki kuzisikia. Mimi nasomea watoto wa watu, basi nikamsomea na wangu. Siku ya tatu akalia sana katikati ya kisomo. Nikamwambia mama yake, "Umeona? Jini huyo." Wallahi, alikuwa analia kwa sababu baba yake anamsomea tu, hamuulizi kitu.

Shangazi yake, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyetupeleka kwa mwanasaikolojia. Nilidhani atapewa vidonge tuondoke. Tulihojiwa kwanza sisi wazazi: usingizi, shule, misiba ya nyumbani. Kisha tukaombwa tutoke nje. Nilikasirika, siwafichi. Kumbe mtoto ana maneno hawezi kuyasema mbele ya shekhe, seuze shekhe mwenyewe ni baba yake.

Alijaza karatasi ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3. Swali la tisa linauliza kama umewaza ni heri ufe, au ujidhuru. Aliandika 2, yaani zaidi ya nusu ya siku hizo.

Nikauliza, swali kama hili si mnamfundisha mtoto? Mama yule akanijibu kwa upole kuwa swali halimpandikizii wazo, linampa nafasi ya kulitamka. Mengine yatabaki siri yao, akasema, ila la hatari ya uhai mzazi lazima ajue.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wetu aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya tiba ya mwili na ya nafsi pamoja, akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake.

Ana sonona. Huenda kila Jumanne, na ana daftari la kuandika wazo baya lililomjia na kulihoji kama ni kweli. Ruqya sijaiacha. Lakini mkiniletea mtoto sasa, nitauliza kwanza analala vipi, na akitaja kifo tutakwenda hospitali siku hiyohiyo, mimi na nyinyi.

Naandika haya kwa idhini yake. Amesoma kabla yenu, akafuta mistari miwili.